Vitu Alivyoviacha Wazi Lusekelo

Meza ikijaa, usifagie ghala. Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwenye msiba wetu hapa Tukuyu.

Kaka yangu Lusekelo, mwalimu wa kwaya, alipofariki, vitu vyake havikuguswa. Ndiyo desturi yetu: mpaka matanga yaanuliwe, hata viatu hukaa pale pale alipovivulia. Kompyuta yake kuukuu nayo tuliiacha ikiwaka mezani, na kila alichokifungua kikiwa wazi.

Kwaya ilitaka kumwimbia wimbo wake wa mwisho siku ya kuanua matanga. Hakuuandika popote; aliurekodi tu kwa sauti yake, mle ndani ya kompyuta. Wanakwaya wakaja kujifunza, wakakaa uani. Binti yake, Lugano, akaubonyeza. Likatoka neno moja, sauti ikakwama. Akarudia. Ikakwama tena.

"Imeshiba," akasema Tumpe, mjane wa kaka. "Ipunguze."

Lugano akafuta mahubiri ya zamani, kisha picha. Sauti ikakwama. Ikabaki video ya harusi ya wazazi wake.

"Mama, nikiifuta hii hairudi."

"Najua. Nataka sauti yake kwanza."

Akaifuta. Sauti ikakwama pale pale. Mimi sikuelewa kitu. Tumetoa vingi hivyo, mbona hakuna nafuu?

"Mama," Lugano akasema, "tulivyofuta vilikuwa vimelala ghalani, pale kompyuta inapohifadhi vitu, havikumsumbua mtu. Kinachoibana ni vile baba alivyoviacha wazi. Hivyo viko mezani, pale inapofanyia kazi, na meza yenyewe ni ndogo. Nilikwambia tangu asubuhi."

"Na mimi nikakwambia havifungwi. Alivifungua kwa mkono wake."

"Shangazi, mwambie."

Nikauliza ni vitu gani.

"Bei ya viazi Mbeya," Lugano akasoma. "Hali ya hewa ya mwezi uliopita. Barua aliyokwisha kuituma. Filamu, ameishia katikati. Na karata."

"Karata?" Tumpe akasogea. "Mimi aliniambia anatunga nyimbo."

"Tena alikuwa anafungwa na mashine."

Wifi yangu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Haya, funga. Karata ziwe za mwisho."

Lugano akafunga kimoja kimoja, mama yake akikitazama kila kimoja kikitoweka. Alipoubonyeza wimbo, sauti ya Lusekelo ikatoka bila kusita, ikaenda hadi mwisho. Kule uani wanakwaya wakaanza kuufuatisha.

Kisha Tumpe akauliza, "Sasa ile ya harusi inarudi?"

Lugano akatikisa kichwa.

Ndipo tukaanza kuambiana katika ukoo huu, na leo nawaambia ninyi: meza ikijaa, usifagie ghala.