Bi Kanga na Sinia la Mwenyekiti

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale, kale hasa, wanyama walikuwa na chuo. Watoto walitoka vilimani, wakatoka msituni, wakatoka bondeni. Wa vilimani walifundishwa kupanda miamba. Wa msituni walifundishwa dawa za majani. Na wa bondeni, kwa kuwa bonde lao halina mto, walifundishwa kuchimba visima. Mwalimu wao alikuwa mzee Mhanga. Ananusa mchanga, fff, fff, anasema, "Hapa." Wanachimba. Maji yapo.

Chuo hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha wote. Kwa hiyo kilitazamwa na bodi, kila upande na mjumbe wake. Siku ya kuchagua, wanaotaka kiti husimama uwanjani, na wenzao hupanga mstari nyuma yao. Mwenye mstari mrefu ndiye. Basi.

Wa bondeni walimpangia mstari Bi Kanga, mama wa maneno machache, mwenye adabu zake. Wa msituni wakampangia Ngiri. Vilimani siku ile ilinyesha. Watu wakasema, "Ah, kwa mvua hii? Wengine watakwenda." Kila mmoja akasema hivyo hivyo. Waliokwenda ni ukoo wa Fisi peke yao, mashangazi na wajomba, wamelowa chapachapa. Fisi akapata kiti. Hata uenyekiti akapata, maana yeye aliutaka na wenzake hawakuutaka.

Sasa, bodi ilikuwa ikikaa uwanjani, juani, kila apitaye anasikia. Jambo likitajwa, anayekataa hupiga mguu chini, ti! Anayenyamaza amekubali.

Fisi akasema, "Ndugu zangu, jua hili la nini? Njooni kwangu. Kuna kivuli, kuna chakula."

Nani anakataa kivuli? Wakaenda. Bi Kanga aliona amepewa heshima. Akanawa, akala. Mtama na kunde, sinia zima. Ngiri alikula viazi mpaka akacheua.

Walipokwisha, Fisi akajichokoa meno. "Kuna jambo dogo tu. Mhanga amezeeka. Aende akapumzike. Mahali pake atakaa mpwa wangu."

"Mpwa wako anajua kunusa maji?" Ngiri akauliza.

"Atajifunza. Kwani wewe ulizaliwa unajua? Hihihii!"

Bi Kanga akainua mguu. Mguu ukabaki juu. Kwao, mtu hali chakula cha mwenyeji kisha akambishia ndani ya nyumba yake, na mkono haujakauka. Mama yake alimfunza hivyo, na bibi yake alimfunza hivyo. Akalitazama sinia tupu. Akaushusha mguu polepole, kama anayekanyaga yai. Haukulia.

"Imepita," Fisi akasema.

Mzee Mhanga hakugombana na mtu. Alikung'uta mchanga makuchani, akaenda. Wanafunzi wakamsindikiza hadi mpakani, wengine wanalia.

Kiangazi kikaja. Mpwa wa Fisi akawaambia watoto, chimbeni hapa. Wakachimba. Vumbi. Chimbeni pale. Vumbi. Bondeni wanawake wakaanza kumpita Bi Kanga njiani bila salamu. Jirani yake, Mama Digidigi, ndiye aliyesimama.

"Bi Kanga, Mhanga alipofukuzwa, wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mwenzangu."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Nilikuwa nimekula."

Mama Digidigi akamtazama, akamtazama. "Sisi tulikupangia mstari ukale?" Akaenda zake na kibuyu chake kitupu.

Neno lile lilimkaa Bi Kanga kifuani kama mfupa.

Fisi akaita kikao tena. Habari zilikwisha tembea: maji hayaonekani, basi masomo ya visima yafutwe, na kiwanja cha kuchimbia wapewe ndugu zake Fisi watoboe mapango. Bi Kanga akafika, akasimama nje ya mlango.

"Karibu ndani, dada! Chakula kinapoa."

"Nitakaa hapa."

"Juani?"

"Juani."

Mke wa Fisi akatoka, mwiko mkononi. "Bi Kanga, chakula changu kina sumu?"

"Hapana, mama. Chakula chako kitamu. Ndiyo maana sili."

"Huna adabu!"

"Leo sina."

Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa neno lile.

Fisi akaharakisha. "Masomo ya visima yafutwe. Nani anakataa?"

Bi Kanga akapiga mguu. Ti! Vumbi likaruka.

"Mmoja tu. Sisi humu tuko wawili. Ime..."

Hakumaliza. Bi Kanga alipaza sauti, ile ya kanga aliyeona nyoka. "Chekechee! Chekechee! Enyi wapita njia! Chuo chenu kinauawa humu ndani!"

Wakaja. Mama Digidigi akaja. Watoto wa chuo wakaja, vumbi mpaka kwenye kope. Hata wale wa vilimani walioogopa mvua wakaja. Wakajaa mlangoni, wakachungulia. Hawakutukana. Walimtazama Ngiri tu, mdomo umemjaa.

Shangazi yake Ngiri akasema, "Mwanangu, tumbo ni lako, kiti ni chetu. Toka."

Ngiri akaweka kiazi chini. Akatoka, macho ardhini. Akapiga mguu. Ti!

Fisi akabaki na sinia lake. Bodi ikarudi uwanjani. Na wa vilimani walipochagua tena walimtoa Fisi, na siku ile pia ilinyesha.

Masomo yakabaki. Lakini mwalimu anayejua kunusa maji? Kiangazi kile bondeni walizika wengi, kwa kiu. Bi Kanga akafunga safari, akamkuta mzee Mhanga nchi ya watu, anafundisha watoto wa wengine.

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee wangu."

"Radhi nimekupa, binti yangu. Kurudi, siwezi. Hawa hapa nimeshawaahidi."

Bi Kanga akarudi peke yake, njia yote ile.

Basi sikieni, wadogo na wakubwa. Siku ya kuchagua, nendeni mkachague. Mkishamchagua mtu, msimwache akae msipomwona. Jambo la wote lisemwe mbele ya wote. Na wewe uliyepewa kiti, heshima ya mwenyeji isizidi kiu ya waliokutuma.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kama tamu, gawaneni. Kama chungu, mezeni hivyo hivyo.