Bingwa Aliyemwaga Watoto

Mwaka ule jua lilikaa pwani kama mgeni asiyejua kuaga. Vidimbwi vya mwambani vilikauka kimoja baada ya kingine, na samaki wadogo waliokuwa wakiishi humo, wasiozidi urefu wa kidole, wakafa kwa mamia. Kobe peke yake aliwahi kuokoa jozi moja. Aliwaweka katika tangi la kioo lililotosha kukaa juu ya kigoda, akawatilia kipande cha mwanzi kiwe nyumba yao. Jike alitaga ndani ya mwanzi, na siku ya pili akafa. Dume alibaki mlangoni akiyapepea mayai kwa mapezi, hali chakula, hasogei. Kobe alimbadilishia maji ya chumvi, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, akahesabu siku.

Wakati huohuo Simba, ambaye hajawahi kulowesha hata ukucha baharini, alitangaza kwamba mfalme wa hadhi yake hawezi kukosa bahari nyumbani. Atakayezalisha samaki wa mwambani barazani kwake ataitwa Bingwa na kupewa makazi kando ya chemchemi ya mwisho iliyosalia.

Sungura alifika kwa Kobe mapema.

"Shikamoo, mzee wangu. Niazime tangi lako nusu siku nikamwonyeshe mama. Mgonjwa, hana la kumfurahisha."

"Marahaba. Mayai yamebakiza siku nne. Lisitikiswe."

"Nitalibeba kama mwanangu."

Jioni Kobe alilikuta tangi barazani kwa Simba, na Sungura kando yake akieleza mbinu alizozigundua mwenyewe.

"Mtukufu, tangi hili ni langu," alisema Kobe.

Simba alimtazama kutoka juu. "Lako? Wewe unayemaliza asubuhi nzima kuvuka uwanja? Bingwa hatembei hivyo."

Wakubwa wote wa baraza walicheka, kwa kuwa Simba alicheka. Sungura naye hakupenda kuachwa peke yake na kitu asichokijua, akasema kwa huruma, "Mwacheni babu abaki. Atanishikia ndoo."

Kobe angeweza kuondoka na heshima yake. Lakini mayai yalikuwa yamebakiza siku nne, na pale hapakuwa na mwingine aliyejua kupima chumvi. Akashika ndoo.

Fisi alijilaza chini ya tangi. Kila neno la Sungura alilisifu, maana aliahidiwa dume.

"Huyu ana kazi gani?" aliuliza, mate yakimtoka. "Kutwa kusimama mlangoni. Wala hali! Mimi nikikosa mlo mmoja, mke wangu huita mganga."

"Vumilia, kaka. Watoto wakitoka tu, dume ni wako."

Kobe aliyasikia. Akabadilisha maji, kikombe kimoja.

Sungura aliwahutubia wakubwa kila siku. Watoto, alisema, watatoka wanene, wenye rangi kamili kama baba yao, wamejipanga mstari. Wakubwa walitikisa vichwa kama watu walioelewa.

Siku ya nne, jua likizama, dume alisogea kutoka mlangoni. Kobe akajua. Maji yalikuwa yamejaa chembe zisizo na rangi, nyembamba kuliko unywele.

Simba akaingia na wakubwa wake. "Watoto wako wapi?"

Sungura alichungulia. Mwanzi ulikuwa mtupu. Majini aliona vumbi, na juu ya vumbi, uso wa mfalme.

"Kesho, Mtukufu! Huyu babu kanichafulia maji. Kobe, mwaga takataka hizi, ulete maji meupe!"

"Zote?"

"Zote! Bingwa hafugi vumbi."

"Umemsikia Bingwa," alinguruma Simba. "Mwaga."

Kobe aliyahamishia maji ndooni polepole, pamoja na mwanzi na dume.

"Nimetii, Mtukufu. Nilichomwaga ni cha nani sasa?"

"Chako, babu!" Sungura alicheka. "Kanywe!"

"Ni chako," alisema Simba.

Ndipo Kobe akachota bilauri moja ya kioo, akaiinua kwenye mwanga uliosalia. Kila chembe ilikuwa na macho mawili ya fedha.

"Hawa ndio watoto, Mtukufu. Vumbi halina macho."

Fisi alikuwa wa kwanza kusema. "Basi mimi nakula nini?" aliuliza, akimgeukia Sungura, na Sungura hakungoja kujibu. Walisikika wakipita vichakani, mmoja akikimbia, mwingine akidai ahadi yake.

Simba alisafisha koo. Akasema alijua tangu mwanzo, alitaka tu kuwapima. Wakubwa wakasema hata wao.

"Karibu chemchemini," aliongeza.

"Asante. Hawa ni wa maji ya chumvi," alijibu Kobe, akaibeba ndoo kwa mwendo wake, isitikisike.

Na hivyo ndivyo alivyo anayejitapa kwa kazi ya mwenzake: anaweza kuisimulia vizuri kuliko aliyeifanya, lakini siku inapotimia, yeye ndiye wa kwanza kuitupa.