Kiatu cha Nyumba ya Liwali

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Useme wewe!
Pakawa mji kisiwani, mji ukawa na bandari, bandari ikawa na wenyewe. Wenyewe walikuwa na nini?
— Midomo!
Haya, ifungeni, mfungue masikio.

Hapo kale, katika mji wa Mtambwani, palikuwa na Liwali. Si mtu mbaya, jamani, ila aliupenda mno mlango wake. Mlango wa mvule, misumari ya shaba, na mbele yake bawabu, jina lake Feruzi. Mwenye shauri abishe hodi. Sasa nani ampite Feruzi?

Mjini humo alikuwamo Bi Mize, mchoma chokaa na fundi wa kuta. Mtaani kwao kulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Siku moja mkuu wa forodha akakitia kufuli.

"Maji haya ya merikebu," akasema. "Ninyi chimbeni kwingine."

Wakachimba, wakapata maji ya chumvi. Watoto wakaumwa matumbo. Mwaka, kitinda mimba wa Mize, akadhoofu hata kulia hawezi. Mama gani angetulia?

Mize akaenda kwa Liwali. "Hodi!"
"Bwana anakula," akasema Feruzi.
Akaenda tena. "Hodi!"
"Bwana amelala."
Akaenda mara ya tatu. "Hodi!"
"Bwana anaoga."

Loo! Mtu gani huyu, kula, kulala, kuoga! Mize akautazama ukuta wa nyumba. Chini umeliwa na chumvi, chokaa inabanduka.

"Feruzi, baba, mwambie Bwana nyumba yake itaanguka. Inataka kiatu cha mawe cha kuushika ukuta."

Kwa hilo Feruzi alikwenda mbio, na ruhusa ikatoka. Mize akapanga mawe, akatia chokaa, kulia na kushoto kwa mlango, kimo cha goti, upana wa mkono.

"Mbona kiatu hiki kimekaa kama kiti?" Feruzi akauliza.
"Nyumba kubwa, mguu mkubwa," akajibu Mize.

Ijumaa ilipofika, chokaa imekauka, mtaa mzima ukaja ukaketi. Liwali akatoka kwenda msikitini, na mkuu wa forodha, aliyekuwa akipita njiani, akamfuata nyuma. Nanyi mnajua, muungwana hawapiti watu walioketi bila salamu.

"Asalaam aleikum. Habari za leo?"
"Njema!"
"Habari za nyumbani?"
"Njema!"
"Habari za watoto?"
"Njema!" wakasema wote. Mize peke yake akasema, "Si njema."

Jirani akamfinya. "Sema njema, mwenzangu!"
"Mficha uchi hazai," akasema Mize. "Bwana Liwali, kuuliza si ujinga, lakini aliyeuliza hungoja jibu."

Liwali akatazama huku na huku. Kuondoka ni aibu. Akaketi. Mize akasimulia yote: kufuli, chumvi, Mwaka.

Mkuu wa forodha akadakia, "Bwana, merikebu zikikosa maji zitahamia bandari nyingine!"
"Na watoto wakifa," akasema Mize, "hizo merikebu zitapakuliwa na nani?"

Liwali akaomba aletewe maji wanayokunywa watoto. Akaonja, akatema.
"Fungua kisima. Sasa hivi, kabla ya sala. Merikebu zitachota, ila watoto kwanza."

Mwaka akanywa, akapona. Mji nao ukakua, na kile kiatu cha kuketi watu wakakiita baraza. Forodha ikajengewa baraza, mahakama ikajengewa baraza, chuo kikajengewa baraza. Hadi leo wazee wa mji wakikutana kuamua jambo, kikao chao huitwa baraza.

Lakini ngojeni, sijawaambia ya kesho yake. Asubuhi Liwali alipotoka, alikuta kiatu kimejaa watu, na mmoja amesimama pembeni, kainamisha kichwa. Nani? Mkuu wa forodha!

"Na wewe una shauri?" akauliza Liwali.
"Ghala langu linavuja, Bwana. Mwaka wa pili huu nabisha hodi, naambiwa unaoga."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mize akajisogeza.
"Keti, Bwana," akamwambia mkuu wa forodha. "Pana nafasi."

Hapo ndipo ngano yangu ilipotia nanga. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.