Hatukuja Kununua Bibi

Wewe uliyekaa karibu na dirisha humu kanisani, acha kunikunjia mdomo kabla sijasema neno. Najua unachowaza: kizee cha darasa la nne kitaniambia nini kuhusu habari za nyumba. Utasema mtu mzima mwenye macho yake hawezi kutapeliwa nyumba. Haya. Si wewe uliyeuziwa simu barabarani, ukafika kwako ukafungua boksi ukakuta kipande cha sabuni? Basi tulia usikilize. Utabisha ukifika kwako, kama huko kwako ni kwako.

Palikuwa na karani mmoja wa stoo katika kiwanda cha magodoro, hapa hapa mjini. Kutwa anahesabu magodoro ya kulalia watu, na yeye hana pa kutandika la kwake. Walipanga, yeye na mkewe na watoto, wakaambiwa watoke. Wakapanga kwingine, wakaambiwa watoke. Mpaka kabati lao likalegea miguu, likawa linasimama kwa kuegemezwa ukutani kama mgonjwa. Huyu mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima na anaitaka leo. Yule anataka chumba chake kwa sababu shemeji yake anakuja kutoka Tabora. Mke anashona sare za shule usiku na mchana, mume anaacha kunywa chai kazini, wanadunduliza. Na kila walipofikisha bei ya kiwanja, walikuta bei nayo imeshahama.

Mnajua hali hiyo inamfanya nini mtu? Haimfanyi mwizi. Inamchosha tu. Akishachoka, kazi iliyobaki ni ndogo.

Siku moja dalali akamwambia ipo nyumba, vyumba vitatu na maji ndani, bei yake ya kushangaza. Karani akamchukua mkewe wakaenda. Wakamkuta muuzaji nje, mwanamume wa makamo, kavaa vizuri, ana ufunguo mkononi. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za dukani: NYUMBA HII HAIUZWI.

Mke akasimama. Akasoma. "Baba watoto, umeona hapo?"

Muuzaji akacheka kabla mume hajajibu. "Shemeji, hayo nimeyaandika mimi. Hujui jiji hili lilivyojaa matapeli? Ningeacha ukuta mtupu, saa hizi mngekuta imeshauzwa mara mbili."

Karani naye akacheka, na kile kicheko kikamtuliza moyo. Si kweli jamani? Anayelinda mali si ndiye mwenye mali? Mnacheka. Mngekuwa nyinyi mngecheka na yeye.

Mke hakucheka. Barazani palikuwa na bibi mmoja ameketi kwenye mkeka anapepeta mchele, wala hawaangalii. "Na yule bibi?"

"Mpangaji. Kodi yake inaisha mwezi huu."

"Akitoka hapa anakwenda wapi?"

Hapo karani akaona aibu mbele ya mwanamume mwenzake. Akamwambia mkewe, "Mama watoto, tumekuja kununua nyumba, hatukuja kununua bibi." Muuzaji akaupenda sana mzaha huo, akampiga karani begani.

Wakaandikiana, wakapigiwa muhuri kwenye ofisi ya mtaa, fedha zikaenda zote. Mwisho wa mwezi wakapakia vyombo kwenye kirikuu, watoto wameketi juu ya magodoro wanaimba. Wakafika. Bibi yupo palepale.

"Karibuni," akasema. "Mmepotea njia?"

"Bibi, sisi ndio tulionunua hapa."

"Wewe, mwanangu, unajua kusoma?"

"Najua."

"Hebu soma ukuta."

Karani akasoma kwa sauti, watoto wakamsikia, dereva akamsikia.

"Rangi hiyo nilinunua mimi," bibi akasema. "Nilimlipa fundi aandike tangu kitindamimba wangu, huyo aliyewauzia, alipoanza kuleta watu hapa. Nilidhani watu wa mjini mmesoma."

Karani akapiga simu. Haipatikani. Akapiga ya dalali. Haipatikani. Akakaa chini mchangani, akalia mbele ya watoto wake. Na wewe ungekuwepo ungelia. Mimi pia.

Sasa tusikilizane vizuri, maana mpaka hapa ilikuwa habari ya utapeli tu, ya kila siku. Mfano unaanza hapa.

Mtu mmoja wa ofisi ya mtaa aliyekuwa anapita hapo alimwita karani pembeni. "Unalia nini? Karatasi si unayo?"

"Ninayo."

"Muhuri si upo? Sasa yule bibi ana nini? Marehemu mumewe hakuandikisha kitu. Hana hata kipande. Ana rangi ya ukutani."

"Kwa hiyo, mzee?"

"Kwa hiyo nyumba ni yako, ukitaka. Tutaelewana."

Je, karani hakujua nyumba ni ya nani? Alijua. Alikuwa ameusoma ukuta kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini aliwatazama watoto juu ya magodoro, akalitazama lile kabati, akajiambia maneno mawili tu: nami nimeibiwa. Yakamtosha. Wakaelewana.

Mgambo wakaja asubuhi wakatoa kitanda, wakatoa mtungi, wakatoa jiko. Bibi hakupiga kelele. Alimpita karani getini, akasimama, akasema, "Mwanangu wa kuzaa ameniuza. Wewe umeninunua. Sijui nianze kumlaani nani, na umri wenyewe ndio huu." Akaenda Mkuranga kwa mdogo wake, analala sebuleni watoto wakishamaliza kuangalia televisheni.

Naona mnangoja niwaambie adhabu ilivyomshukia. Haikumshukia. Paa halikuanguka. Kuta amepaka rangi ya krimu, zinapendeza, na majirani wanampa shikamoo. Anayekuja kanisani kutafuta radi iwapige wenzake, leo amekosa.

Nasema na sisi. Msiniambie jiji ni gumu, najua kuliko nyinyi. Mshahara wa halali haununui nyumba hapa, na dawa yake mimi sina. Atakayewaambia anayo, shikeni mikoba yenu. Lakini tazameni tunavyofanya. Tukienda kuona nyumba tunauliza maji, tunauliza umeme, tunauliza kama gari linafika mlangoni. Nani aliwahi kuuliza ni nani anayelala humo leo, na ataondoka vipi? Tunapiga magoti tukisema Bwana nipe pangu, na hatutaki kusikia Bwana akituuliza, nimtoe nani? Tulidhani tukiumizwa tutajifunza huruma. Hatukujifunza. Tulilichukua jeraha tukalifanya kibali, tukakipeleka kugongewa muhuri. Na ndiyo maana jiji hili haliponi, kwa sababu kila aliyetolewa nje yuko njiani kwenda kumtoa mwingine. Mnataka niwape neno la faraja. Sijalileta.

Imebaki habari ya yule mke. Siku ya kuhamia, mumewe alimzungusha vyumbani, anaonyesha kwa mkono. "Hapa cherehani yako, dirishani, upate mwanga. Hapa watoto. Hapa sisi."

Mke akakitazama kile chumba. Sakafuni palikuwa na alama nne, pale palipokaa miguu ya kitanda miaka na miaka.

"Unatazama nini?" mume akasema. "Mama watoto, si tulikuwa tunaomba hiki?"

"Tulikuwa tunaomba."

"Sasa?"

Mke hakuwa na pa kwenda, na hilo alilijua vizuri kuliko mumewe. Akawaita watoto, akawashika mikono, akatoka nao nje ya nyumba, akaufunga mlango.