Jina la Diwani Kwenye Ramani

Diwani Lukwaro alimvamia Siwema, fundi simu aliyebuni ramani ya mtandaoni ya kupeleka kero za kata manispaa.

"Weka jina langu humo, la sivyo kibanda chako nakivunja!"

"Niliweke wapi, Mheshimiwa?"

"Pale wanapofika watu wote, kila siku!"

"Hata meya apaone?"

"Hasa meya!"

"Haya, umesema mwenyewe, baba."

Kesho yake diwani alirudi akihema. "Futa hilo jina, mwanahizaya we! Meya kanipigia anacheka!"

"Ramani yangu haifuti kilichopo, Mheshimiwa. Kikiondoka, na jina linaondoka."

Jioni hiyo malori matatu yakazoa taka zilizoziba mtaa tangu Ramadhani, na kwenye ramani "Jalala la Mheshimiwa Lukwaro" likafutika.