Sinia la Unga Mwekundu

Palikuwa na mtu aliyeitwa Pranlal, mwenye duka la vitambaa katika mji wenye stesheni ya reli. Barazani kwake alikaa fundi cherehani, Mihambo. Waliishi hivyo miaka ishirini na miwili, mmoja ndani, mmoja nje, kaunta katikati.

Mjini watu walisema Wahindi wanakula sikukuu zao nyuma ya ukuta. Maneno hayo yalimchoma Pranlal. Mwaka ule akawasumbua wazee wa jamii yake mpaka wakakubali: siku ya sikukuu ya rangi, lango la hekalu libaki wazi na mji mzima ualikwe. Tangu hapo hakutulia. Alikagua lango, akakagua masufuria, akarudi kukagua lango. Aliogopa kwamba hatakuja mtu.

Wakaja. Pranlal, amevaa nguo nyeupe, alizunguka na sinia la unga mwekundu, akimpaka kila mgeni shavuni. Akawaeleza desturi: leo hakuna bwana wala mtumishi, na anayepaka hupakwa. Watu wakacheka, wakapakana, mwalimu na mchuuzi, polisi na mbeba mizigo. Lakini kila mkono ulipomwelekea yeye, aliinua sinia, akasema anakwenda kuongeza unga, akapita. Mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo.

Kufikia adhuhuri uwanja mzima ulikuwa mwekundu, na yeye peke yake mweupe.

“Tajiri, mbona umebaki kama sanda?” Mihambo akamtania, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Fundi akachota unga, akanyoosha mkono. Mkono ule ulikuwa umempima Pranlal mabega na kiuno mara nyingi, lakini siku zote palikuwa na utepe wa kupimia katikati. Sasa ulikuja bila utepe, ukielekea usoni.

Pranlal akaudaka. Hakukusudia. Mkono wake ulitangulia moyo wake.

Kicheko kikakatika. Fundi akautazama mkono wake ulioshikwa, kisha akasema taratibu, “Samahani, tajiri. Nilidhani na wewe umealikwa.” Akauchomoa, akatoka.

Ngoma ziliendelea. Wageni walikula na kucheza, na kila mtu alisema sikukuu imefana. Pranlal hakusikia. Alikaa, akainuka. Akachota unga ili ajipake mwenyewe, akaurudisha siniani. Mwishowe akatoka langoni na sinia lake, akavuka barabara mbio kama mtu aliyeibiwa.

Alimkuta Mihambo bombani, ananawa mikono. Pranlal akaweka sinia chini kati yao, akavua miwani, akainamisha uso, akangoja. Maji bado yanatiririka, na mkono wa fundi haujagusa unga.

Kufungua lango, ufunguo unatosha. Ninyi wenye karamu, ni nani kati yenu aliyekwisha kuinamisha uso?