Mzee Ngiri Aliyekataa Kupiga Magoti

Paukwa!

Pakawa!

Sinia la nani?

La mkubwa!

Limebaki nini?

Muulize Fisi!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliyeshika kashata mikono yote miwili, tafuna taratibu, hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani sana, alikuwako Mzee Ngiri. Alikula kama ngiri wote wanavyokula mpaka leo: anapiga magoti ya mbele, anatafuna majani, anafukua mizizi, anasogea kwa magoti, anatafuna tena. Alikula hivyo mpaka akapata wajukuu, na bado mbwa mwitu walikuwa hawamwezi kwa mbio.

Kitu kimoja tu alikuwa akikingoja duniani. Kwa ngiri, mtoto akizaliwa hulazwa chini mlangoni pa shimo. Mkubwa wa ukoo hupiga magoti, akamnong'oneza mtoto jina lake yeye mkubwa mara tatu, na jua lisipite utosini kabla ya hapo. Mzee Ngiri alikuwa hajarithiwa jina na yeyote. Mjukuu wake alikuwa na mimba, na mzee kila akiliwaza jambo hilo machozi yalimlengalenga.

Basi wanyama wakaona hakuna aliyefaa ukubwa kama yeye. Wakamkalisha kwenye kigoda. Fisi, ambaye hajawahi kukosekana penye chakula, akajiteua mwenyewe kuwa mpambe.

Kesho yake Mzee Ngiri akashuka malishoni, akapiga magoti kama kawaida. Fisi akamfuata mbio, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mkubwa, mtu wa kigoda anapigia magoti majani? Kaa. Utaletewa."

Mzee Ngiri akaona haya. Akasimama, akajipangusa vumbi, na tangu siku hiyo hakupiga magoti tena.

Sinia likaanza kuja. Asubuhi vitumbua, na chai yenye sukari hata kijiko kinasimama chenyewe. Mchana wali wa samli na sambusa. Jioni halwa. Mkubwa akishiba, Fisi anamalizia, kisha anamtazama mapajani na kumsifu kwamba amenawiri. Mzee akadhani anapendwa.

Jirani yake alikuwa Bi Nungunungu, aliyezaliwa naye masika mamoja. Yeye alikula mchicha, kunde, viazi vitamu, mizizi, na tunda likianguka. Kitumbua alikula siku ya sikukuu, akalamba vidole, basi. Mzee Ngiri alimwonea huruma kweli, maskini bibi wa watu anakula kama hana wajukuu.

Mara ya kwanza Bi Nungunungu akaja, akamwambia mzee mwenzake ashuke malishoni. Mzee akajibu kwamba majani ni chakula cha wasio na cheo. Bibi akaenda zake.

Mara ya pili akaja, akamkuta mzee anahema kwa kugeuka tu. Mzee akasema chakula kizuri ni cha watoto wanaokua. Yeye amebakiza siku ngapi, aachwe astarehe. Bi Nungunungu akamwambia, "Hizo chache ndizo za kutunza. Njoo leo, kidogo tu. Magoti yatarudi. Hujachelewa."

"Kesho," akasema mzee, akavuta sinia.

Mara ya tatu mzee akajitetea kwamba marehemu baba yake alikula mafuta maisha yake yote na hakudhurika.

"Baba yako," akasema Bi Nungunungu, "alianza kuitwa marehemu mimi na wewe tukiwa tunanyonya."

Mzee akanuna siku mbili. Kula hakuacha.

Masika yakafika, mjukuu akajifungua. Mtoto akalazwa mlangoni pa shimo na ukoo mzima ukakusanyika. Mzee Ngiri akaja polepole, huku Fisi akimsukuma kwa nyuma. Akakunja goti moja, likalia. Akakunja la pili, likakataa. Akajaribu tena, na tumbo likafika chini kabla ya magoti. Akaanguka ubavu, na kama mama hangemvuta mtoto wake, jina lingekosa mwenyewe.

Fisi akacheka. Jua lilikuwa linakaribia utosini, na mama akaangaza macho akitafuta mtu wa rika la babu. Bi Nungunungu akalaza miiba yake, akapiga magoti yote mawili, akanong'ona mara tatu. Mila hairuhusu kunong'ona jina la mwingine. Ndiyo maana yule mtoto wa ngiri aliitwa Nungunungu maisha yake yote.

Mzee Ngiri alilia, na mimi simcheki hapo. Alimwambia Bi Nungunungu kwamba kesho watashuka malishoni pamoja. Jioni Fisi akaleta halwa ya kumliwaza. Kesho ikafika, mzee akasema kesho. Kesho nyingine ikafika, akasema kesho. Ya tatu ilipofika, hakuamka.

Fisi akalia kuliko wafiwa. Akawaomba watu wasijisumbue kuchimba. "Nimemlisha mimi," akasema, "nitamsitiri mimi." Kaburi hilo hakuna aliyewahi kuonyeshwa.

Baada ya arobaini kigoda akapewa Bi Nungunungu, na asubuhi yake Fisi akatokea na sinia, anatabasamu. Bibi akamwambia, "Anza wewe, mwanangu. Kula unenepe, tuone nani atamsitiri nani." Kisha akachukua kijembe chake akaenda kufukua viazi. Aliishi mpaka yule Nungunungu mdogo akapata watoto, na akawanong'oneza nao.

Basi wazee wangu, na nyinyi mnaojiona bado vijana: uzee si ruhusa ya kula hovyo. Mwili wa mzee unahitaji chakula chema kuliko wa kijana, na siku ya kuanza ni hii ya leo. Na anayekujazia sinia kila siku, mtazame anakutazama wapi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Sinia lioshwe, kigoda kiinuliwe, na hiyo kashata iliyobaki nipe mimi nikutupie.